Mlezi Hagusi

Mbuzi wa Mama Zaituni alimeza ufunguo, na mie ndiye niliyepewa kazi ya kumfuata. Hiyo ilikuwa Temeke, zamani, sijaota ndevu. Mjomba wangu alikuwa fundi kufuli, anakaa barazani na gunia lake limetandikwa makufuli ya watu, na mwenye duka mmoja alikuwa amemletea kufuli kubwa la stoo pamoja na ufunguo wake wa pekee, umefungwa kwa ugwe wa mgomba. Mbuzi haoni ufunguo, anaona mgomba. Akatafuna, akameza vyote viwili, akaondoka zake.

Watu wakajaa. Huyu anasema achinjwe, yule anasema anyweshwe mafuta ya nyonyo, Mama Zaituni anasema atakayemgusa mbuzi wake watafikishana mbali. Mjomba akasema hapana, hakuna kuchinja wala kunywesha. Akaniita. "Rajabu, chukua kijiti. Popote anapokwenda na wewe nenda. Akiangusha kitu, chokonoa." Basi nikamfuata. Nilimjua yule mbuzi kuliko ninavyowajua baadhi ya mashemeji zangu: anapolala mchana, ua analoliogopa, ukuta anaojikunia mgongo. Ufunguo ukatoka wenyewe kwa wakati wake. Mjomba akauosha, kufuli likafunguka. Mwenye duka alipokuja kuuchukua akaunusa kidogo, akauliza, "Fundi, umepaka mafuta gani haya?" Mjomba akasema, "Ya kwetu hapahapa."

Tangu hapo mie nikawa mtu wa funguo. Mjomba alipofariki makufuli yake yaligawanywa kama vyombo vya ndani, na mie nikapata kazi Sinza kwenye gesti, ya kushika funguo za vyumba. Gesti nilikaa miaka mingi. Sitaeleza ya humo kwa sababu wageni wengine mpaka leo ni majirani zangu, na wengine wamekuwa watu wa dini. Nitasema tu kwamba mshika funguo wa gesti hufundishwa kutazama chini, na kwamba shuka jeupe ni kazi ya mtu asiye na akili timamu.

Sasa nawaandikia nyie mliobaki na zile funguo. Dada Vumilia, mkubwa wa kituo chetu cha utafiti, ndiye aliyeniambia siku ya kuagana: "Mzee Rajabu, andika chochote, hawa vijana wapya wasome wajue tulikotoka." Nikamwambia mie darasa la nne sikulimaliza. Akasema si kitu, andika kama unavyosema. Basi mstari ukienda kombo, pindeni shingo.

Mwenye gesti alizeeka, watoto wake hawakutaka biashara ile, nyumba ikapangishwa. Siku hiyo nipo uani nafua mapazia akaingia dada mmoja mwembamba, amebeba ubao mweupe mkubwa kuliko yeye. Akauliza, "Nani ana funguo?" Nikasema mie. Akasema, "Basi unabaki." Usaili wangu ulikuwa huo.

Akanieleza kitakachofanyika. Wanafunzi wa sekondari watakuja Jumamosi, kila mmoja na swali lake mwenyewe, siyo la mwalimu wala la mtihani, na atalitafutia jibu kwa mikono yake. Na kila mmoja atapewa mtu mzima mmoja, wa chuo kikuu au wa kiwandani au hospitali, wa kukaa naye mpaka amalize. Mtu huyo ataitwa mlezi. Nikauliza huyo mlezi ndiye anayelipa ada? Akasema hapana. Anapika? Hapana. "Sasa analea nini?" Dada Vumilia akacheka, akasema, "Analea swali." Sikumwelewa, nikaenda kuanua mapazia.

Vyumba vilibaki na namba zake. Mwanafunzi na mlezi wake, chumba kimoja. Chumba namba moja alikaa kijana aliyepima kelele za baa. Hakuhitaji hata kutoka, alifungua dirisha tu. Namba mbili kulikuwa na kijana wa Goba aliyetaka kujua mbu wanapenda maji gani. Akaweka makopo, maji ya mvua, maji ya bomba, maji ya mchele, akasahau kufunika, likizo ikaingia. Tuliporudi, nilipofungua mlango nilifunga tena nikaenda kukaa barazani. Swali lake lilikuwa limejibiwa. Wanapenda yote.

Vifaa navyo nilijifunza. Ile mizani ndogo ya kupimia ina wivu: ukiiwekea feni inadanganya. Kipimajoto usikioshe na maji ya moto, nilipasua kimoja, Dada Vumilia akanitazama tu. Masiking tepu andikeni jina na tarehe kabla ya kubandika, siyo baada, kalamu inatoboa. Na luku, ile mita ya umeme, iwekeeni umeme Ijumaa. Majiko ya umeme matatu yakiwaka pamoja, zile yuniti zinakimbia kama zimeitwa.

Mwanzo mwanzo tulikuwa na mlezi mmoja, mhandisi, kijana mchangamfu. Mwanafunzi wake alikuwa anatengeneza kikaushio cha mboga kwa jua. Kikawa hakikaushi. Mboga zinaoza. Wiki ya maonyesho yule mhandisi akaja peke yake, akakifungua chote akakifunga upya, kikakausha kama oveni. Siku ya maonyesho mtoto akaulizwa kwa nini ameweka kioo upande huu, akasema hajui, amekikuta. Watu wakacheka. Mtoto alilia kule nyuma kwenye tangi, mie ndiye niliyempa maji. Dada Vumilia hakugomba, hata sauti hakupandisha. Yule mhandisi akaondoka siku ileile, na Jumatatu Dada Vumilia akaandika ukutani uani, kwa rangi nyekundu: MLEZI HAGUSI. AKIGUSA, ANAONDOKA. Ikawa sheria, na haikumwacha mtu.

Aliyeiweza sheria hiyo kuliko wote ni Dokta Geradi. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa bara, ana sauti ya chini kama anaongea na mtu aliyelala. Alikuwa haamini mikono yake. Akiingia chumbani anaiweka nyuma, akikaa anaikalia. Mwanafunzi anamwaga kitu, anasimama, anaikamata mikono yake nyuma mpaka mishipa inatoka, hasemi. Neno lake lilikuwa moja: "Umejuaje?" Ukimwambia Dokta, leo joto, anauliza, "Umejuaje, Mzee Rajabu?" Nilimsimulia ile habari ya mbuzi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hukumpa kitu?" Nikasema sikumpa. "Kidogo tu, hata majani?" Nikasema hapana, mjomba alikataza. Akatikisa kichwa kwa furaha kana kwamba nimempa zawadi. Watu wa chuo wana mambo yao.

Ndiyo akaja Nadhra. Mtoto wa Bwana Salim wa Tandale, wale wenye duka la nafaka karibu na soko, Waarabu wa siku nyingi, babu yao kazikwa hapahapa. Kidato cha nne. Mwembamba, mdomo haujafungwa. Swali lake: kwa nini maharage mengine hayaivi? Bibi yake alikuwa anawasha jiko asubuhi, mchana maharage bado mawe. Nadhra akaleta maharage mapya ya sokoni, yaliyokaa kidogo, na yale yaliyolala muda mrefu stoo kwa baba yake. Masufuria matatu, maji sawa, majiko sawa, chumba namba nne. Mlezi wake, Dokta Geradi.

Kwake yule mtoto maharage hayakuwa mchezo. Baba yake alikuwa ameshasema akimaliza kidato cha nne anaingia dukani, inatosha. Mama yake ndiye aliyeomba: "Mwache kwanza amalize hilo la maharage, akisimama mbele za watu ukamwona, ndipo useme." Baba akakubali hivyo. Nadhra mwenyewe aliniambia, anaosha masufuria uani: "Babu, nisiposimama siku ile, mie ndo basi. Utanikuta napima mchele kwa kilo."

Sasa Bwana Salim alikuwa hajui maharage yanapikiwa wapi. Alijua ni kituo. Akaja siku ya katikati ya wiki, hakuna mwanafunzi, mie nafagia. Kanzu, kofia, vumbi la unga kwenye mkono wa kanzu. Tukasalimiana vizuri. Nikamkaribisha, hakukaribia. Anatazama ukuta wa mbele, pale ambapo rangi mpya haijaweza kufuta jina la zamani.

"Hii si ile gesti?"

"Ilikuwa."

"Nadhra binti Salim anakuja hapa?"

"Anakuja. Mtoto hodari yule. Yupo chumba namba nne."

"Chumba."

"Namba nne. Kile cha mwisho kabisa."

"Na nani?"

"Na mlezi wake."

"Mlezi?" Akavua kofia akaivaa tena. "Ana baba, ana mama, ana bibi, ana ami zake wamejaa Tandale. Kawa yatima lini?"

"Siyo mlezi huyo, bwana. Mlezi wa utafiti."

"Mwanamke?"

"Dokta Geradi. Mtu mzima, mpole sana."

"Na wanafanya nini humo chumbani?"

"Mlezi hagusi," nikamwambia, maana ndivyo tulivyofundishwa kujibu wageni. "Ndiyo sheria yetu. Anakaa tu anamwangalia."

Kila neno lilikuwa la kweli. Bwana Salim akaniangalia kama mtu aliyeuziwa pumba kwa bei ya unga, akageuka akaenda zake.

Nadhra hakuja Jumamosi ile, wala iliyofuata. Maharage aliyoyaacha yameloweka yakachacha, chumba kikanuka. Dokta Geradi alikuja kama kawaida. Akakaa mbele ya masufuria matupu, mikono chini ya mapaja, saa zilipokwisha akaaga. Nikamuuliza, "Dokta, sasa unaangalia nini?" Akasema, "Naangalia kama atakuja."

Mie nilikuwa nimeshaielewa ishu. Nimeshika milango ya nyumba ile maisha yangu yote, najua mlango uliofungwa unasema nini kwa mtu aliye nje. Nikachukua bisibisi, nikafungua bawaba za chumba namba nne, nikauegemeza mlango nyuma ya tangi. Dada Vumilia akapita, akasimama.

"Mzee Rajabu, mlango uko wapi?"

"Umestaafu."

Akafikiri kidogo. Kisha akachukua mtandio wake akaenda Tandale dukani mwenyewe. Aliyoyasema huko siyajui. Jioni akarudi, akasema, "Watakuja wote wawili."

Wakaja. Bwana Salim akachukua kiti, akakiweka palepale kizingitini, akakaa, tasbihi mkononi. Ukawa huo ndio mlango. Anayetaka kupita anamwomba radhi. Dokta Geradi akasimama kumsalimia, mikono nyuma, halafu akakumbuka akautoa mmoja.

"Mie ndiye mlezi wake," Bwana Salim akasema. "Tusielewane vibaya. Mlezi wa Nadhra ni mie. Wewe sijui tukuiteje."

"Geradi inatosha."

"Dokta," Nadhra akasema haraka. "Baba ndiye mlezi, huyu ni Dokta. Yameisha." Na tangu siku hiyo akawa anawaita hivyo kweli, mlezi huyu, Dokta yule, mpaka tukazoea. Kwa wageni mambo yalikuwa yaleyale ya siku zote, mlezi ni Dokta. Chumba namba nne tu ndiko walikokuwa na lugha yao.

Zile Jumamosi zilikuwa nzuri, nasema kweli. Bwana Salim alianza kwa kununa, akaishia kubishana. Mwenye duka hawezi kukaa mbele ya maharage akanyamaza.

"Sufuria la tatu hilo ni langu," anasema. "Maharage yangu yanaiva hujamaliza kumenya kitunguu."

"Umejuaje?" anauliza Dokta.

"Nimejuaje! Baba yangu kauza maharage, babu yangu kauza maharage!"

"Ndiyo. Umejuaje kuhusu kuiva?"

"Huyu mtu hajaoa nini? Nadhra, huyu ana mke?"

"Baba, mie napima, usinichekeshe."

Nadhra anabonyeza punje kwa vidole, anaandika. Sufuria la kwanza linaiva. La pili linafuatia. La tatu, la baba, linachemka tu, punje zinagonga pembeni kama kokoto. Kila Jumamosi hivyohivyo. Bwana Salim akaanza kupunguza maneno. Akasema ni maji ya Sinza. Akasema ni jiko. Akaleta maharage mengine kutoka gunia lilelile. Mawe.

Ikabaki kupika mara ya mwisho, ambako matokeo yake ndiyo ya kusomwa kwenye maonyesho. Adhuhuri, masufuria yote yanachemka, umeme ukakatika. Luku imeisha, na Ijumaa ni mie niliyetakiwa kuweka, basi tuseme luku imeisha. Dokta akanunua kwa simu yake, tukaenda naye nyuma kwenye mita, anasoma zile namba mie nabonyeza, nakosea, tunaanza upya. Nadhra akaenda kuswali. Pale chumbani akabaki Bwana Salim na masufuria.

Tuliporudi, sufuria la tatu lilikuwa na povu, na mchuzi umekuwa mweusi. Nadhra akaingia na mtandio wake wa swala, akachota kijiko, akanusa.

"Baba, umetia magadi?"

Bwana Salim anahesabu tasbihi.

"Baba."

"Kidogo tu. Ncha ya kidole." Mfukoni mwa kanzu ya muuza nafaka hukosi kitu.

"Kwa nini sasa?"

"Usimame mbele za watu, uwaambie maharage ya baba yako hayaivi?" "Mama yako yupo, ami zako wapo, majirani wapo. Nisikusaidie?"

Mpishi yeyote Tandale angetia magadi, tena angeshukuriwa. Punje za sufuria lile zilikuwa laini, zinapasuka zenyewe. Nadhra akamgeukia Dokta Geradi. Yeye alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, na niliiona inavyobanana.

"Niandike nini, Dokta?"

"Kilichotokea."

"Chote?"

"Utaona mwenyewe," akasema, akatoka nje, asiyaone maandishi yake. Ndivyo alivyokuwa.

Maonyesho tulifanyia uani. Nilipanga viti asubuhi, mbele wazazi, nyuma walezi. Bwana Salim alikuja na ukoo mzima, kanzu mpya. Nadhra akasimama chini ya yale maandishi mekundu, na mdomo wake mnaujua. Akaeleza maharage mapya, akaeleza yanavyolala stoo yanakuwa mawe, na stoo ya nani hakutaja. Watu wanacheka, wanaitikia, kina mama wanamwambia kweli kabisa mwanangu. Kisha akasema, "Mara ya mwisho sufuria la tatu liliguswa. Kwa hiyo sikulihesabu."

Angeishia hapo. Mwalimu mmoja mgeni, aliyekuja kuwapima, akanyoosha kalamu. "Liliguswa na nani?"

Nadhra akamtazama baba yake. Bwana Salim akatazama kofia yake iliyokuwa gotini.

"Na mlezi," akasema Nadhra.

Hakudanganya. Kwa lugha ya chumba namba nne hakudanganya hata kidogo. Lakini uani pale vichwa vyote viligeuka nyuma, kwa Dokta Geradi, na maandishi yale juu ukutani kila mtu anayasoma. Niliona Nadhra anavyolielewa neno lake limetua wapi. Akafungua mdomo. Akamtazama baba yake tena, akaufunga. Mie nilikuwa mlangoni. Bwana Salim bado anaitazama kofia.

Dada Vumilia akauliza taratibu, "Dokta, uligusa?"

"Mwanafunzi ameshajibu," akasema Dokta Geradi.

Yule mgeni alimsifu Nadhra sana kwa ukweli. Watu wakapiga makofi, mama yake akapiga kigelegele. Bwana Salim hakumwingiza dukani. Alimwacha akaenda kidato cha tano, akaenda na chuo, na mpaka leo kila yakikaribia maonyesho gunia la mchele linafika hapa kituoni kutoka Tandale, aliyelituma hasemi ni la nini. Dada Vumilia nilimweleza mie mwenyewe yaliyotokea chumbani, wiki ileile. Akampigia Dokta simu. Inaita tu. Yale maandishi ya ukutani mmeyakuta yamepakwa chokaa, basi mjue ni yeye aliyeyapaka.

Lakini siku yenyewe makofi yalikuwa bado yanapigwa, na Dokta Geradi akaja mlangoni nilipo. Akatoa mfukoni ufunguo wa chumba namba nne, akanikabidhi. Chumba chenyewe hakina mlango. Alikuwa akitembea nao muda wote huo.

Nikamwambia, "Dokta, si useme tu? Neno moja."

"Nikisema, atakuwa amemtaja baba yake mbele ya watu wote hawa. Kesho yupo dukani."

"Umejuaje?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye.

"Haya," nikasema. "Tuonane Jumamosi basi."

"Jumamosi," akasema.

Akatoka. Nje wale wa baa walikuwa wanapanga viti vya plastiki barabarani, na muziki wa singeli umeshafunguliwa. Akapita katikati yao na mkoba wake ameushika nyuma kwa mikono miwili, akakunja kona ya duka la dawa. Hakurudi tena.